Shaba ya Kanisa la Kamuga

Nuru ndiyo iliyotangulia. Jua lilikuwa bado nyuma ya vilima vya Kericho, halijajionyesha, lakini ziwa lilikwisha kupata habari. Lilianza kung'aa huko mbali, likaja liking'aa, likaja, likaja, mpaka likafika miguuni pako, ewe kanisa la Kamuga, likakuonyesha sura yako. Mkawa wawili: wewe wa udongo umesimama, na wewe wa maji umeinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, shaba mapajani, sindano mkononi, na chai yangu inapoa kwenye kikombe cha mfuniko wa chupa ya chai.

Nikakuambia: simama hivyo hivyo, usitingishike, nikuchore.

Nikuchore paa lako la mabati lililoshika kutu kuanzia pembeni. Nikuchore ukuta wako uliokandikwa na akina mama, vidole vyao bado vinaonekana chini ya chokaa, vinne vinne, vimeteremka pamoja. Nikuchore msalaba wako wa mbao mbili za mtumbwi mzee, zenye matundu ya misumari ya kazi yao ya kwanza. Na ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mti wa siala, ambayo ndiyo kengele yako, ambayo ikigongwa Jumapili huwafikia hata wale wasiotaka kufikiwa. Vyote nilivichora. Najua kazi yangu.

Mimi ni Waceke. Wazazi wangu waliteremka kutoka Murang'a wakaja Kisumu kuuza nguo, mimi nikazaliwa Kisumu, nikalelewa katikati ya marobota ya soko la Kibuye, na Kijaluo changu ni cha sokoni: kina mbio na kina ubishi. Huku Kamuga, pale mto Sondu unapomaliza safari yake na kumwaga tope ziwani, watu wananiita nyar Okuyu, binti wa Kikuyu, nami naitika. Mtu aliyekupa jina amekwisha kukupa na kiti.

Nachora kwenye shaba. Bati la shaba nalipaka nta, nta naichana kwa sindano, kisha nalitia kwenye maji makali, nayo yanaila shaba pale tu nilipochana, hapana pengine. Wino unajaa kwenye hizo njia. Karatasi yenye unyevu inalala juu, na vyote viwili vinapita katikati ya rola za mashine niliyoundiwa na fundi mmoja wa Nyalenda, mashine ambayo zamani ilikamua miwa. Siku za mvua bado inanukia sukari. Ilikamua miwa, sasa inakamua picha, na sijasikia ikilalamika.

Wapo wanaosema mtu asijisifu. Hao nawaambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ni kweli, lakini mimi sikusifiwa na mtu. Nimejisifu mwenyewe, na tembo langu liko vile vile.

Basi nikuambie kwa nini nilikuja, ingawa wewe unajua kuliko mimi, maana maji yalianza kukulowesha wewe.

Ziwa lilikuwa linapanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni anayesogeza kiti chake kidogo kila mara mwenyeji akigeuka. Likachukua shamba la mtama. Likachukua njia ya kwenda kisimani, kisha kisima chenyewe. Magugumaji yakafika kizingitini pako na maua yake ya zambarau, yamevaa vizuri kana kwamba yamekuja ibadani, na Jumatatu moja watu wakakuta nyayo za kiboko mbele ya mlango wako. Mchungaji Zacchaeus alisema huyo alichelewa siku moja.

Waumini walikwisha kujenga kanisa jipya huko juu kando ya barabara, la mawe, lenye madirisha ya vioo. Lilibaki jambo moja. Mabati yako yavuliwe na mabenchi yako yatolewe kabla ukuta haujaloa mpaka ndani ukaanguka juu ya watu. Wanaume walikuwa tayari, ngazi zilikuwa tayari. Lakini neno la kuruhusu lilikuwa la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa hajalitoa.

Mtu huyo ni Mama Dorca. Wewe ndiye uliyemjua angali kijana. Ardhi uliyosimama juu yake ilikuwa ya mume wake, Mzee Ogola, naye aliikata kutoka uani mwake akakupa, ndiyo maana nyumba yao imekaa begani mwako, mlango wake umetazama pale pale unapotazama mlango wako. Walikanyaga udongo wako kwa miguu yao, yeye na mkewe, huku wanaimba. Ogola amelala sasa mbele ya nyumba ile, chini ya saruji nyeupe, na kila asubuhi Mama Dorca humwagia maji maua aliyompandia, hata kipindi hiki ambacho maji ndiyo kitu pekee Kamuga isichokikosa.

Mama Dorca alitoa sharti, na Mchungaji Zacchaeus akaniletea mjini lilivyo. Bati halitoki mpaka yeye awe na kanisa lake mkononi, na kila kitu mahali pake. Picha ya simu walikwisha kumwonyesha. Alisema hiyo ni ya simu, simu ikizima kanisa nalo limezima. Mchungaji aliwahi kuona mchoro wangu wa kanisa moja la Bondo, akasimama mlangoni kwangu ameshika kofia, akaniuliza kama naweza. Nikamuuliza kama samaki anaweza kuogelea.

Ndiyo nikaja. Ndiyo nikakaa juu ya mtumbwi. Ndiyo nikakuambia simama hivyo hivyo, nawe ukasimama, maskini, huku miguu yako imo majini.

Jumapili iliyofuata nikaleta mchoro. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wamejaa uani, na Mchungaji akauinua juu ili wote waone. Nikasikia ile sauti ninayoipenda, ile pumzi ya watu wengi wakivuta kwa pamoja. Akina mama wakavitambua vidole vyao ukutani. Mmoja akaonyesha chake, akasema huyu ni mimi, mwenzake akambishia. Wanaume wakahesabu matundu ya misumari kwenye msalaba. Mimi nilisimama kando nimefumbata mikono, najifanya natazama kuku. Nilikuwa na furaha tele.

Mama Dorca alisogea mbele. Alipokea karatasi, akaiangalia kwa muda. Akaiegemeza kwenye benchi. Kisha akaipa mgongo, akasimama wima, kama mtu anayetoka mlangoni mwake asubuhi, akanyoosha mkono wa kulia, kisha akageuza kichwa kuutazama mchoro juu ya bega lake. Akaushusha mkono. Watu walikuwa wamekwisha kuona alichokiona, wote isipokuwa mimi.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, na sauti yake haikuwa na ugomvi. "Umelaza Mzee mahali yangu. Sasa mimi nitalala wapi?"

Shaba hugeuza. Unachochora kulia hutoka kushoto, kama uso kwenye kioo. Hili nililijua tangu siku yangu ya kwanza kushika sindano, na anayetaka picha itoke sawa huchora kinyume. Lakini kuchora kinyume huchelewesha mkono, nami nilikuwa nimejiambia kwamba mandhari haina kulia wala kushoto. Mti ni mti, ziwa ni ziwa. Mjini hakuna aliyewahi kuniuliza, hata hao wa Bondo hawakuniuliza, maana kwenye mchoro wao hapakuwa na kaburi.

Na huku kaburi lina upande wake. Mume hulazwa mkono wa kulia wa mlango wa nyumba, mke hulazwa mkono wa kushoto, na anayetoka ndani asubuhi huwapita wote wawili, mmoja huku, mmoja huku, kama walivyokaa maisha yao yote. Nimezaliwa Kisumu. Nimekwenda matanga ya majirani mengi kuliko harusi. Nilikuwa najua, na bado mkono wangu ulimbeba Mzee Ogola ukamvusha mlango wake mwenyewe, ukamlaza kwenye nafasi ya mkewe aliye hai.

Niliona aibu, ewe kanisa. Masikio yaliniwaka. Mtu anayejisifu kama mimi akianguka huanguka kutoka juu.

Mama Dorca ndiye aliyenivuta pembeni, akanikalisha kwenye benchi lako la mwisho, akanieleza yaliyobaki. Mkono wa kushoto wa mlango wake ulikuwa umekwisha kuingiwa na ziwa. Niliuona kwa macho yangu: maji yaliyotulia, magugu, chura mmoja. Mwanawe, James, amemjengea nyumba huko juu karibu na kanisa jipya, mtoto mwema, hana kosa, naye amemwambia kwamba siku yake ikifika atalazwa huko huko juu, pakavu. Nikauliza kama Mzee hawezi kuhamishiwa naye huko. Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto akiuliza kama jua linaweza kuletwa karibu. Mzee alikwisha kulala, akasema, na aliyelala haamshwi.

Kwa hiyo pale palipokuwa pake hapatakuwa pake. Wataachana, yeye na Ogola, kwa mara ya kwanza, na karatasi yangu ndiyo ingekuwa mahali pa mwisho duniani ambapo wangekaa wote wawili mbele ya mlango mmoja. Hakulia aliponiambia. Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia moshi wa jikoni, na moshi wenyewe haukuwapo.

Nikamwambia nitakuchora upya. Najua kazi yangu, nikasema, na safari hii nilisema polepole.

Katika kituo kidogo cha maduka cha Kamuga yupo msusi mmoja, Rachael, mwenye kioo kikubwa cha mkononi ambacho huwaonyeshea wateja visogo vyao. Nilimwomba kioo. Aliniuliza kama nataka kujitazama, nikamwambia nimejitazama vya kutosha. Asubuhi yake nilirudi kwenye mtumbwi wangu, nuru ikatangulia kama kawaida yake, ziwa likapata habari. Nikakaa nimekupa mgongo.

Nilikupa mgongo ili nikuone sawasawa. Nikakisimamisha kioo mbele yangu kwenye kasia nililochomeka topeni, ukaingia ndani yake, wewe na nyumba iliyo begani mwako, na rimu yako, na Mzee Ogola chini ya saruji yake nyeupe, kila kitu kimekwisha kugeuka kabla shaba haijagusa. Nikachora nilichokiona kwenye kioo. Shingo iliniuma. Waliopita kwenda kutega nyavu waliniona nimekaa nyuma mbele, nakuchora bila kukutazama, wakapiga kasia taratibu ili wacheke vizuri.

Simama hivyo hivyo, nikakuambia kupitia begani. Nilisikia udongo ukimeguka ukutani pako na kudondoka majini, tumbu, kisha tena, tumbu. Hukuweza kusimama hivyo hivyo tena. Nikaharakisha mkono.

Nikarudi mjini. Shaba ikaliwa na maji makali, mashine ikazunguka, nakala ya kwanza ikatoka, na ilikuwa sahihi. Nikafunga karatasi na shaba yenyewe kwenye kitenge cha mama yangu, nikatia mfukoni chuma changu cha kusugulia kama fundi asiyeachana na nyundo, nikaenda. Usiku huo mvua ilikuwa imenyesha Kericho. Mto Sondu ulikuwa mwekundu na unaongea peke yake.

Nilikuta wanaume wamesimama uani na ngazi mabegani, maji yamewafika vifundoni. Ukuta wako wa upande wa ziwa ulikuwa na ufa uliotoka dirishani mpaka chini. Mchungaji Zacchaeus hakunisalimu hata. Alinionyesha tu kwa mkono alipokuwa Mama Dorca, ndani yako, kwenye benchi la mwisho, kana kwamba ibada inataka kuanza na watu wamechelewa.

Aliiangalia karatasi. Akasimama, akaipa mgongo, akanyoosha mkono wa kulia, akageuza kichwa. Mzee Ogola alikuwa mahali pake. Niliona mabega ya yule mama yakishuka, nikadhani tumemaliza.

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto.

Huko nilikuwa nimechora maji. Nilikuwa nimeyachora vizuri, mistari myembamba ya kulala, mmoja mmoja, na magugu yake na hata chura wake. Nikamwambia maji yapo, Mama, nami sichori uongo. Nje Mchungaji aliita kwamba ufa umeongezeka. Mama Dorca hakugeuka. Alikigusa kile kipande cha karatasi kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama anayebisha hodi.

"Maji ni mgeni tu," akasema. "Hiyo mahali iko na mwenyewe."

Ningeweza kubishana. Nina ubishi wa Kibuye, wa mtu na mama yake. Lakini nilitazama mlangoni, nikaliona ziwa limekaa kwenye nafasi ya mtu bila hata kuuliza, nikakasirika. Nilikasirika kwa niaba yake na kwa niaba yako, na hasira hiyo ilinipa mkono.

Nikatoa shaba kitengeni, nikailaza juu ya benchi lako, nikatoa chuma. Kuchora kwenye shaba ni rahisi kuliko kufuta. Mstari uliokwisha kuliwa na maji makali hautoki kwa kuombwa. Unaukwangua, kisha unasugua, unadondosha mafuta kidogo, unasugua, unabonyeza kwa uzito wako wote mpaka shaba ilale, isahau kwamba iliwahi kuchanwa. Nilisugua magugu yakatoka. Nilisugua chura akatoka, na huyo nilimsikitikia. Nilisugua maji, mstari baada ya mstari, nayafukuza kutoka mbele ya mlango wa Mama Dorca, huku maji yenyewe yameingia chini ya benchi na kunilowesha viatu. Udongo ukadondoka, tumbu. Jasho lilinitoka mpaka puani.

Simama hivyo hivyo, nikakuomba, na safari hii sikuwa nakuamuru. Kidogo tu. Kidogo tu.

Nawe ukasimama. Hilo sitalisahau, na yeyote atakayeniambia kwamba ukuta hauna hiari, na aje nimjibu.

Nilipomaliza, pale mahali palikuwa laini, panang'aa kuliko shaba yote iliyopakana napo, urefu wa mtu, upana wa mtu, kwa kipimo cha mchoro. Nikachukua kioo cha Rachael, nikamshikia Mama Dorca juu ya shaba, kwa maana shaba hugeuza na kioo hugeuza, na vitu viwili vinavyogeuza vikikutana vinasema kweli. Akainama, akatazama. Jua lilikuwa limepanda sasa, linaingia dirishani pako, likaigonga shaba, likapanda kwenye kioo, likamwangaza kidevuni. Akaliona kanisa lake. Akaiona nyumba yake. Akamwona Ogola mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akaona nuru imejilaza, inangoja.

Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama wanavyoshikwa watoto. Kisha akajifunga leso vizuri, akatoka nje akikanyaga maji, akaenda mpaka kwenye mti wa siala, akaokota chuma cha kugongea kengele, akaigonga rimu mwenyewe. Aliigonga mpaka mikono ikachoka. Hapo ndipo wanaume walipopandisha ngazi.

Walikuvua kwa nyimbo, ewe kanisa la Kamuga. Walikuvua kwa adabu, bati baada ya bati, na kila msumari uliotoka uliandamana na mlio wake. Mabenchi yalipanda kilima juu ya vichwa. Msalaba wa mbao za mtumbwi ulipanda, rimu ya lori ilipanda, na leo inaning'inia nje ya kanisa la mawe, na wale wasiotaka kufikiwa bado inawafikia. Wiki haikuisha kabla kuta zako hazijalala, huku hakuna mtu ndani. Ulikwenda chini polepole, bila kumwumiza yeyote, na ziwa likafunga mlango.

Mchoro wako, nilioutoa upya kwenye shaba ile ile, uko ukutani huko juu. Ni mdogo kuliko madirisha, lakini, ninasema hivi bila aibu, ni mzuri kuliko madirisha. Wageni wakija huusogelea, wakahesabu vidole ukutani, wakahesabu matundu ya misumari, kisha macho yao yakafika upande ule wa mlango wa nyumba, yakasimama. Wanaona karatasi tupu, maana pale nilipoisugua shaba wino haukushika. Wanadhani wino uliniishia, au mkono ulichoka, na wapo wanaonigeukia wakitabasamu kwa kunihurumia.

Mimi siwajibu. Anayejibu ni Mama Dorca, ambaye kila Jumapili hukaa chini ya mchoro huo, kwenye benchi lako la mwisho, amelihamishia mbele na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Asubuhi mlango wa kanisa la mawe ukifunguliwa, nuru hutangulia. Hutoka ziwani, pale ulipokuwa, hupanda kilima bila kuchoka, huingia, hupita juu ya vichwa vya watu, hutafuta ukutani, hulipata lile eneo jeupe lenye urefu wa mtu, hulala. Mgeni huuliza mbona hapa hapakuchorwa kitu. Naye Mama Dorca hunyoosha mkono wa kushoto, wala hageuzi kichwa.

"Hapo ni pangu," humwambia. "Mzee ananishikia."